Tromboni ya Marehemu Elinihaki

"Shika linalokuitikia, acha linalokung'aria." Hivyo ndivyo shangazi yenu alivyomwambia mwenzenu Elieshi leo asubuhi, alipomwona anaililia ile cherehani yenye maua ya dhahabu iliyomgomea kushona, nanyi mkacheka kana kwamba mmeelewa. Sasa mmekuja kuniuliza. Haya, kaeni, lakini endeleeni kumenya hayo maharage, maana masikio hayamenyi. Maneno haya yalizaliwa na woga wa mwanamke mmoja, jina lake Nakijwa, na yalizaliwa hivi.

Nakijwa alikuwa mjane wa Ngofila, juu kabisa huku kwetu Upareni. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu, ukiacha ya jirani yake mmoja. Chini bondeni kulikuwa na gulio, kinu cha kusaga na nyumba za watu wengi. Mlima ule ulikuwa na tabia mbaya: mvua ikizidi, udongo ulikatika ukateremka na kila kilichokuwa mbele yake. Simu hazikuwapo. Kwa hiyo wazee waliweka utaratibu kwamba mtu wa nyumba ya juu ndiye mlinzi wa mlima, na silaha yake ni tromboni, lile tarumbeta refu la kuvuta ambalo bendi ya kanisa huliimbisha makaburini alfajiri ya Pasaka. Sauti yake hufika bondeni pasipofika sauti ya mtu. Ikilia mara tatu, milio mirefu, kila mmoja aliacha alichoshika akakimbilia ng'ambo ya mto, kwenye mwamba.

Kwa miaka thelathini mlinzi alikuwa Mzee Elinihaki, jirani yake. Masika yakiwa yanakaribia, mzee akafariki, na nyumba ya juu yenye mtu ikabaki ya Nakijwa. Wazee wakamwita kanisani. Mama wa watu hakuwahi kupuliza hata filimbi ya mtoto. Alikwenda kwa hofu, kwa sababu binti yake wa pekee, Namsifu, alikuwa akifanya kazi kwenye kile kinu cha bondeni, na sasa aliambiwa kwamba uhai wa mtoto wake utakaa kwenye midomo yake mwenyewe.

Kiongozi wa bendi, Mwalimu Kadeghe, alifungua sanduku akatoa tromboni mbili. Moja ilikuwa mpya, zawadi ya wageni waliopita mwaka ule, nene, nzito, inang'aa hata ukajiona meno. Nyingine ilikuwa ya marehemu. Ilikuwa nyembamba, imebonyea huku na huku, nyeusi kama sufuria ya mekoni, na shingoni imezibwa kwa risasi ya kuchomelea.

"Mama Namsifu, usiangalie sura," mwalimu alisema. "Anayeanza hupima kwanza huu mkono wa kuvuta. Lisimamishe tarumbeta, uachie, utazame."

Nakijwa akaachia. Mkono wa tarumbeta la marehemu uliteremka wenyewe, taratibu, bila kukwaruza. Ule wa jipya ulishuka kidogo ukakwama, ikabidi mwalimu ausukume.

"Sasa puliza. Anza na hili jipya."

Akapuliza. Likatoka fuu, upepo mtupu. Tundu lake lilikuwa pana, likameza pumzi yake yote na lisimrudishie kitu. Akajaribu tena mpaka masikio yakaziba. Wanabendi wakatazama chini kwa adabu, ingawa mmoja alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

Ndipo akapewa lile jeusi. Akagusisha midomo tu, akapuliza bila hata kukusudia sana, na sauti ikatoka. Haikutoka kwa kujikongoja, ilitoka nzima, ikajaa kanisa lote, na njiwa wa darini wakaruka. Wanabendi wakapiga makofi. Nakijwa alilitupa tarumbeta mapajani mwa mwalimu kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Si mimi," akasema. "Mwalimu, si mimi niliyepiga. Ni yeye."

Msimcheke. Ngofila iliaminika kwamba mtu akipuliza tarumbeta moja miaka mingi, pumzi yake ya mwisho hubaki humo ndani, na anayelipuliza humwamsha. Nakijwa alijijua kuwa hajui kitu. Sauti nzuri namna ile ingetoka wapi, kama si kwa mwenyewe? Lile lililomtesa akaliona ni salama, kwa sababu angalau halikuwa na mtu ndani.

"Nachukua hili jipya," akasema.

"Limekugomea, mama."

"Nitalizoea. Hilo jingine sitalitia mdomoni mwangu mpaka naingia kaburini."

Mwalimu hakutaka kumlazimisha mbele ya watu. "Chukua jipya," akasema, "lakini nenda nayo yote mawili. Sanduku letu linavuja, na la marehemu likipata kutu tutakuwa tumemkosea."

Nakijwa akalifunga lile jeusi kwa kanga kuukuu akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Alipopita hapo alipita ubavu, kama anayempisha mkwe. Na lile jipya akalipuliza kila siku. Siku nyingine lilimpa mlio wa mbuzi, siku nyingine halikumpa chochote. Alijiambia wiki ijayo litakubali. Moyoni alijua hapana, na hofu hiyo aliamka nayo na kulala nayo, asimwambie mtu.

Masika yakaingia. Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Siku ya nne, siku ya gulio, ikakatika mnamo saa nne asubuhi, jua likachungulia, na watu wakateremka bondeni wakifurahi. Nakijwa alikuwa anaanika mahindi yaliyolowa. Akahisi kuna kitu kimepungua. Akasimama, akasikiliza. Kijito kilichopita nyuma ya nyumba yake, kilichokuwa kikinguruma siku tatu mfululizo, kilikuwa kimenyamaza.

Akaenda kutazama. Maji yalikuwa yamekauka na mawe yanaonekana. Huko juu kitu kilikuwa kimeyazuia. Akainua macho msituni, akaona mti mkubwa umeinama upande usio wake, na chini ya mti ardhi imepasuka ufa ambao mtu angeweza kuingiza mguu. Mlima ulikuwa unajiandaa kushuka.

Alikimbia ndani, akanyakua lile tarumbeta linalong'aa, akasimama ukingoni mwa shamba. Kule chini watu walionekana wadogo kama siafu. Aliona bati la kinu. Namsifu alikuwa chini ya bati lile.

Akapuliza. Fuu.

Akavuta mkono wa tarumbeta, ukakwama. Akapuliza tena, mate yakamtoka, machozi yakamtoka, sauti haikutoka. Alipiga kelele kwa koo lake, "Kimbieniii!" na upepo ukazitupa kelele zake msituni. Nyuma yake mizizi ilianza kukatika, paa, paa. Aligeuka akatazama mlango wa nyumba yake, na aliogopa mambo mawili kwa pamoja, aliye nyuma ya mlango na kinachotoka mlimani. Akafikiri juu ya mtoto. Akalitupa lile jipya kwenye matope.

Kanga ilikuwa na fundo, na vidole vyake havikumtii, akalifungua kwa meno. Alipolishika lile jeusi lilikuwa la baridi. Akalipeleka mdomoni kwa haraka hata likamgonga kwenye meno.

"Mzee Elinihaki," alisema kwa sauti, "sina ugomvi na wewe. Kama ni wewe, piga. Usiangalie dharau zangu."

Akafumba macho, akapuliza.

Lililia. Lililia mara ya kwanza, refu, likateremka bondeni. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kisha hakuacha tena, aliendelea kupuliza akiwa amefumba macho, na alipofumbua aliona siafu wale wanakimbia wote upande mmoja, kuelekea ng'ambo, kwenye mwamba. Akawahesabu mpaka akachanganyikiwa. Ndipo mlima ukashuka. Ulipita hatua hamsini tu kutoka kwake, kwa kishindo ambacho hakukisahau maisha yake yote, ukabeba kinu, ukabeba daraja, ukabeba vibanda vyote vya gulio. Watu haukuwapata.

Jioni Mwalimu Kadeghe alipanda kwa njia ya kuzunguka, na Namsifu nyuma yake, mzima, nywele zimejaa unga. Walimkuta Nakijwa ameketi chini, tarumbeta jeusi mapajani, anapuliza kidogo kidogo kama mtu aliyesahau kuacha. Binti alimkumbatia wakalia wote wawili. Kisha Nakijwa akamgeukia mwalimu.

"Ni yeye ametuokoa," akasema. "Mimi nilimwomba tu. Mimi sijui kupiga."

Mwalimu hakubishana. "Kinga mkono," akasema.

Akainua tarumbeta, akabonyeza kile kitufe kidogo kilicho mwishoni mwa mkono wa kuvuta, kinachofungua tundu la kutolea maji. Maji yakatiririka kiganjani mwa Nakijwa, mengi.

"Yana ubaridi au yana joto?"

Nakijwa akayagusa kwa kidole. "Yana joto."

"Hayo ni maji ya pumzi, mama. Elinihaki tumemzika, hapumui tena. Haya yametoka kifuani mwako." Akaokota lile jipya kutoka matopeni, akaligeuza, akabonyeza. Halikudondosha hata tone. "Hili lilikung'aria tu. Lile lilikuitikia tangu siku ya kwanza kanisani, ukaogopa sauti yako mwenyewe. Siku nyingine, Mama Namsifu, shika linalokuitikia, acha linalokung'aria."

Nakijwa akaufunga mkono wake wenye maji, asitake yamwagike.