Kwa Nini Komba Hulia Kama Mtoto

Ng'aa! Sauti moja tu kutoka msituni, kisha kimya. Nyinyi mkiisikia leo mnajigeuza na kuendelea kulala, maana mnajua ni komba, yule mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa na masikio mapana. Zamani wazazi walioisikia hawakulala. Walijua kwamba huyo alikuwa mtoto wa mtu.

Wakati huo palikuwa na kijiji cha wafinyanzi huko milimani. Kijiji hicho hakikuchapa watoto, na kilijivunia jambo hilo. Mtoto alipokosea, mama yake alinong'oneza jina lake ndani ya chungu, akakifudikiza kando ya mafiga. Hakuna aliyeruhusiwa kulitamka tena mpaka mtoto arekebishe kosa lake. Aliitwa "wewe" tu. Wengi walirekebisha, wakaitwa tena. Wachache walishindwa, wakaingia msituni, na majina yao yakasahauliwa chini ya vyungu.

Asubuhi moja binti wa Nakijwa alikimbiza mbuzi uani, akaangusha vyungu vibichi vilivyoanikwa kwa ajili ya gulio. Vyote vikavunjika. Bibi yake, mama wa baba yake, akatoka nje, akatazama, akasema, "Nakijwa, lete chungu."

Nakijwa akanong'oneza jina, akakifudikiza.

Mtoto alijitahidi. Alifinyanga peke yake nyuma ya nyumba, lakini vyungu vyake vilipinda, vikapasuka. Kisimani wenzake walimwimbia, "Wewe nani? Wewe wa nani? Wewe hakuna!" Akaacha kwenda kisimani. Akaacha kula.

Ndipo Nakijwa alipoanza kuona mambo yaliyomkosesha usingizi. Kila jina lilipotajwa uani, hata jina la mbuzi, masikio ya mtoto yaligeuka kulitafuta, na kila jioni yalikuwa mapana kuliko jana. Macho yake, yaliyokuwa hayabanduki midomoni mwa mama yake, yalizidi kukua. Akaacha kulala kitandani. Akawa anajikunyata juu ya boriti, kimya, akisikiliza.

"Mama, niruhusu nimwite," Nakijwa alimsihi mkwewe.

"Umwite? Kesho atakupanda kichwani."

"Mama, hebu yatazame masikio yake."

"Nimeyaona, mwanangu. Unadhani siogopi? Lakini kosa lake si lile pale uani, limelala vilevile?"

Nakijwa akatazama uani. Mvua ilikuwa imevinyeshea vile vipande vya vyungu vibichi, navyo vilikuwa vimelainika na kuanza kurudi kuwa udongo. Akashika kichwa. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa hiyo: chungu kibichi kikivunjika, hulowekwa, hukandwa, hufinyangwa upya. Hakuna mfinyanzi anayekitupa. Hata mara moja hakuwa amemwonyesha binti yake.

Akageuka ili amwambie. Boriti ilikuwa tupu. Kutoka ukingoni mwa msitu ikasikika sauti: Ng'aa!

Alikwapua kile chungu kando ya mafiga, akachota na udongo wa uani, akakimbia. Nyuma yake mkwewe alipiga kelele, "Kimbia, Nakijwa! Kimbia!" Juu ya mti wa kwanza wa msitu aliona macho mawili, na mgongo mdogo ulioanza kuota manyoya.

Na tangu siku hiyo, wafinyanzi wa milimani hawafuniki jina la mtoto. Mtoto akivunja kitu, mzazi humwita kwanza kwa jina lake, kisha huketi naye chini, mkono mkubwa juu ya mkono mdogo, mpaka kilichovunjika kisimame tena. Nao komba, wale ambao hawakuitwa mapema, hulia kila usiku wakiulizia majina yao, na masikio yao hayachoki kugeuka. Laiti tungeyajua majina hayo, tungewaita.

Lakini siku ile huyu wa mtini bado alikuwa mtoto nusu. Nakijwa alikigeuza chungu mdomo juu, akainua mikono iliyojaa udongo, akasema:

"Shuka, mwanangu. Udongo umeshalainika. Njoo tuukande pamoja, Namkunda."