Mrindoko na Mgomba Usio na Macho

Mgomba hauna macho.

Vijana wa nyumba moja walilisikia neno hilo asubuhi, shangazi yao alipomwambia binti mmoja aliyekuwa akijisifu kwamba hotuba ya harusi ameikariri yote, peke yake chumbani, bila kukwama hata mara moja. Walicheka, lakini hakuna aliyejua limetoka wapi. Jioni walimfuata Bibi Nakijwa, aliyekuwa akipukuchua mahindi, wakamwuliza. Bibi hakuacha kazi yake. "Kaeni," alisema, "na kila mmoja achukue hindi lake. Methali hii ilianza hivi."

Katika milima ya Upare, enzi zile msitu uliposhuka mpaka kwenye mashamba na watu wakiwinda kwa upinde, paliishi kijana aliyeitwa Mrindoko. Baba yake alikuwa amefariki, akamwachia mama wa kumtunza, shamba la migomba, na upinde mrefu ambao si kila mtu aliweza kuuvuta. Mrindoko aliuvuta. Kila asubuhi, umande haujakauka, alisimama ukingoni mwa shamba akalenga mgomba mzee ambao mkungu wake ulikwisha kukatwa. Mshale ulizama shinani, utomvu ukachuruzika. Alirudi nyuma, akalenga tena, na mshale wa pili ukasimama ubavuni mwa ule wa kwanza. Shina likioza na kuanguka, alihamia jingine. Wapita njia waliweka mizigo yao chini kumtazama, na wazee walisema mkono ule haujaonekana tangu baba yake azikwe.

Msituni mambo yalikuwa mengine.

Mara ya kwanza alipotoka na wenzake walimkuta kulungu dume, mwenye madoa meupe ubavuni, akila majani karibu kabisa. Mrindoko aliuvuta upinde vizuri. Kulungu akainua kichwa, akamtazama. Mshale ukapita juu ya mgongo wake, ukapotelea vichakani, na kulungu naye akapotea. Wakati mwingine mshale ulikwama kwenye mti. Wakati mwingine tena ulichoma ardhi mbele ya kwato za mnyama, kana kwamba mtu aliyeurusha hajawahi kushika upinde. Wenzake walimwonea huruma kwanza, kisha wakachoka kumwonea huruma.

"Safari ijayo tumvike kulungu majani ya ndizi," mmoja alisema, na wote wakaangua kicheko.

Mrindoko alilaumu upepo. Alilaumu manyoya ya mshale, akayabadilisha. Alilaumu upote, kamba ya upinde, kwamba umelowa, akasokota mwingine. Kisha akarudi kwenye mgomba, akapiga, akapata, moyo ukatulia.

Lakini kukosa kulungu kulimwuma kwa sababu ambayo wenzake hawakuijua. Bondeni, kando ya mfereji wa maji, alikaa Mzee Kiangi, mwindaji wa zamani ambaye magoti yalikuwa yameanza kumgomea, pamoja na binti yake Namkunda. Mrindoko alimpenda Namkunda tangu siku alipomwona akiziba mfereji uliobomoka, matope mpaka viwikoni, huku akiwacheka wanaume waliokuwa bado wanajadiliana nani aanze. Alijiwekea ahadi: siku atakapompata kulungu, paja moja atalipeleka kwa Mzee Kiangi, na siku hiyo ndipo atakapomwambia Namkunda yaliyo moyoni. Kabla ya hapo angesema nini, yeye mwindaji wa migomba?

Basi kila mshale uliokosa uliisogeza mbele siku ile.

Namkunda alipita njia ya juu akienda kukata majani ya ng'ombe, naye Mrindoko alimsalimu, akaitikiwa, kisha ulimi ukawa mzito. Aliporudi shambani peke yake, ulimi ulifunguka. Baada ya kuchomoa mishale aliuegemea upinde wake, akauambia mgomba yote aliyoshindwa kusema njiani. "Namkunda," aliuambia, "nyumba yangu ina jiko, ina kuni, lakini moto wake haunipashi, kwa kuwa hujauota wewe. Nikisikia kicheko chako ng'ambo ya mfereji, jembe linanitoka mkononi." Maneno yalikuja mazuri, yamepangika, na kila siku aliyaboresha kidogo. Mgomba ulimsikiliza.

Siku moja, mwisho wa masika, Namkunda alifika nyumbani kwa kina Mrindoko kuazima ungo. Mama yake Mrindoko alikuwa shambani. Mrindoko alimpa ungo. Namkunda aliupokea lakini hakuondoka. Aliugeuzageuza mikononi, akaupangusa vumbi ambalo halikuwapo.

"Mrindoko," alisema, "huna neno?"

Alimtazama usoni alipouliza hivyo. Mrindoko aliangalia pembeni. Maneno yote ya shambani yalitawanyika kama ndege waliorushiwa jiwe.

"Mawingu yale," alisema, akionyesha mlima. "Naona mvua itanyesha."

Namkunda aliyatazama mawingu. "Haya," alisema. "Itanyesha." Akaenda na ungo wake, naye Mrindoko akabaki mlangoni akimtazama mpaka alipozama kwenye kona ya njia. Jioni ile aliuambia mgomba maneno mengi kuliko siku zote.

Haukupita muda, Mzee Kiangi mwenyewe alimwita. "Mwanangu, nasikia mengi juu ya mkono wako, mazuri na mabaya. Tupande msituni wote wawili. Nitatembea polepole, univumilie."

Walipanda. Wakamkuta kulungu kwenye uwazi mdogo, upepo ukitoka kwake. Mrindoko akavuta, kulungu akainua kichwa, mshale ukaenda pembeni. Mzee hakucheka. Aliketi juu ya jiwe, akanyoosha mguu wake mbovu.

"Upinde ni mzuri," alisema. "Mkono ni mzuri. Niambie, alipokutazama ulifanya nini?"

Mrindoko alitaka kusema habari za upepo. Akaona aibu. "Nilitamani ageuze macho, baba."

"Na asipogeuza?"

"Nafumba yangu."

"Basi hiyo ndiyo shida, wala si mshale. Iko chemchemi chini ya mwamba mweupe, ambako kulungu hushuka kunywa. Nenda ukakae pale. Upinde chukua, mishale acha nyumbani. Akija, uvute upinde mtupu, umtazame, naye akutazame. Usitake kitu kingine. Siku utakapoweza kutazamwa na usitikisike, kachukue mshale."

Mrindoko alifanya hivyo. Siku za kwanza kulungu walitimka kabla hajamaliza kuvuta, na yeye mwenyewe alitetemeka kama mgonjwa wa homa. Aliendelea kwenda. Alijifunza kupumua taratibu. Alijifunza kwamba jicho la mnyama halimshtaki mtu. Linauliza tu, kisha linangoja. Mgomba hakuutazama tena, na mama yake alishangaa kuona majani marefu yameota pale alipokuwa akisimama kila asubuhi. Mwezi uliandama, ukafa, ukaandama tena. Katika muda huo wote hakuteremka bondeni, kwa maana alijiambia: bado kidogo, niko karibu.

Hatimaye alichukua mshale. Kulungu dume alishuka kwenye chemchemi, akainua kichwa, akamtazama. Mrindoko naye akamtazama, wala hakufumba macho. Mshale ukaenda ulikotumwa.

Alilia pale pale, mkono juu ya shingo ya mnyama, asijue kama ni furaha. Kisha akambeba mpaka nyumbani, akakata paja zuri, akalifunga kwa majani, akanawa, akavaa nguo safi, akashuka bondeni. Njiani hakukariri lolote. Kwa mara ya kwanza alijua atasema.

Uani kwa Mzee Kiangi aliwakuta wageni kutoka tambarare, na vibuyu vya pombe, na wanawake wakipiga vigelegele. Mzee alimwona, akainuka kwa shida, akalipokea paja kwa mikono miwili. Uso wake ulifurahi, kisha ukaingiwa na huzuni, maana macho ya Mrindoko yalimwambia kilicholeta nyama ile.

"Umeweza, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ungekuja mapema. Jana tumekubali posa."

Mrindoko aliketi akanywa kidogo, kwa heshima ya nyumba, akaaga. Namkunda alimsindikiza mpaka kwenye mfereji, kama ilivyo ada kwa mgeni aliyeleta zawadi. Hapo Mrindoko akasimama, akamgeukia, akamtazama machoni. Sauti yake haikutetemeka.

"Namkunda, nakupenda. Nimekupenda muda mrefu, nikashindwa kusema. Nilitaka ulijue hilo kutoka kinywani mwangu."

Namkunda hakushtuka. "Nilijua," alisema. "Nilikuwa nikikata majani ya ng'ombe nyuma ya shamba lenu. Nilikusikia ukisema habari za moto na jiko. Maneno yale niliyabeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba maji, nikiogopa yasimwagike."

"Ulinisikia! Mbona hukujitokeza?"

"Nilijitokeza, Mrindoko. Nilikuja kuazima ungo."

Maji ya mfereji yalipita miguuni mwao.

"Nilingoja," Namkunda aliendelea, machozi yakimtoka. "Huyu aliyeniposa hajui maneno mazuri. Alishikwa na kigugumizi, akarudia, mpaka nikamwonea huruma. Lakini alinitazama usoni akiniambia mimi. Nimekwisha kumpa neno langu, na neno langu silirudishi. Wewe uliyasema yote, tena vizuri kuliko yeye, lakini uliuambia mgomba. Na mgomba, Mrindoko, hauna macho."

Akageuka, akarudi kwa wageni wake.

Aliolewa tambarare, akaishi vizuri na mumewe. Mrindoko naye alioa baadaye, akapata watoto, akawa mwindaji ambaye nyama yake ilifika katika kila nyumba ya kijiji. Hakukosa sana tena. Hata hivyo, watu waliowinda naye walisema kwamba wakifika juu kabisa, pale ambapo tambarare yote huonekana chini hadi inapokutana na mbingu, Mrindoko alisimama kitambo kirefu, upinde begani, nao walijifunza kutomharakisha.

Na kila alipomkuta kijana anapiga shina shambani na kujisifu kwamba hakosi, au mtu anayesema peke yake yale anayoogopa kuyasema mbele za watu, alimwambia neno alilopewa kando ya mfereji. Vijana wakalichukua, wakawaambia wengine, mpaka likatufikia sisi.

Bibi Nakijwa alitupa gunzi kikapuni. Yule binti wa hotuba alikuwa ameacha kupukuchua muda mrefu. Alisimama, akaja mbele ya wenzake, akavuta pumzi, akaanza kusema hotuba yake huku wote wakimtazama. Alikwama palepale mwanzoni, akaanza upya, wala hakuna aliyecheka, kwa maana sasa walijua: mgomba hauna macho.