Fisi Aliyefuata Nyama ya Kwenye Simu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na simu (msinicheke, walikuwa nazo!), Bi Kidawa Nguchiro alikuwa na mtoto mmoja tu, Mshamu. Nyumba za nguchiro zina desturi: kila mtoto hupewa zamu ya kusimama juu ya kichuguu na kupiga kelele adui akija.

Siku moja Fisi akamletea Mshamu simu. "Zawadi ya mjomba," akasema, mate yakimdondoka.

Basi tena! Mshamu akawa anashika zamu kichwa chini. Hali, halali, hachezi na wenzake. Kuna siku mwewe alishuka, vuuu! Nusura amnyakue.

"Mshamu, weka simu, uje ule!"

"Subiri, mama."

Akinyang'anywa, hulia mpaka kutapika. Bi Kidawa aliumia sana. Akaapa, "Wallahi, mwanangu haliwi na Fisi! Aliyeileta ndiye atakayeiondoa."

Akabandika chungu cha nyama. Mshamu aliposinzia, akaichukua simu na kurekodi nyama inavyochemka, jwa! jwa! jwa! Kisha akakifunika chungu, akamngoja Fisi njiani.

"Kaka Fisi, hebu tazama."

"Lo! Nyama hii iko wapi?"

"Mbele huko. Wewe fuata picha. Ukiinua macho tu, inapotea."

"Siinui, dada! Siinui ng'o!"

Fisi akashika njia, pua kwenye kioo. Akajigonga mtini, pu! Akakanyaga miiba. Hakuinua macho.

Kelele zikamwamsha Mshamu. Akatafuta simu, hakuiona. Akapanda kichuguuni kwa hasira, akatazama mbali kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Mama! Mjomba anamwendea Simba aliyelala! Mbona hamwoni?"

"Atamwonaje, naye yumo simuni?" akajibu Bi Kidawa, amesharudi chini ya kichuguu.

Mshamu akamgeukia. "Na mimi nilikuwa hivyo?"

"Hivyo hivyo, mwanangu."

Mara Fisi akakanyaga mkia wa Simba. Ngrrrr! Simu ikaruka, ikapondwa chini ya kucha za Simba, kacha! Fisi akatimua mbio, hakurudi tena upande ule.

Mshamu akashuka, akamshika mama yake mkono. "Mama, nina njaa."

Bi Kidawa alilia kwa furaha huku akimpakulia.

Enyi wanangu, akupaye kitu cha kukuinamisha kichwa, mtazame kwanza meno.