Pimbi Alivyomwajiri Kiboko

"Mpo?"

"Tupo!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Mawili mawili!"

"Kisa kiko mlangoni. Kipite zake au kiingie?"

"Kiingie, kikae, kile!"

Kile! Nyie kila kitu ni kula. Haya, kimeingia. Sogeeni, na wewe Mwanaidi usinikalie kanga yangu. Leo nimesimama sokoni tangu asubuhi, miguu inaniwaka moto, kwa hiyo kisa changu hakina wimbo. Anayetaka wimbo akaimbe mwenyewe.

Hapo kale wanyama walikuwa na soko lao kando ya mto, na katika soko hilo Bi Pimbi aliuza uji. Pimbi mnamjua, yule mdogo mnene asiye na mkia. Alikuwa mjane, ana watoto wanne, na siku hizo alikuwa na shamba lake la mtama kama watu wengine. Akivuna, mtama wa kula anautia kwenye debe, mtama wa mbegu anautia kwenye kibuyu na kukifunga kwa kitambaa. Wa debe anausaga, anaupika uji, anatia ndimu na sukari guru, anajitwika sufuria hadi sokoni. Kikombe kimoja cha uji kwa konzi moja ya mtama. Uji ukitoka, debe linajaa. Uji usipotoka, debe linapungua. Biashara yake yote ilikuwa hiyo.

Sasa soko lile lilikuwa na desturi. Hakuna kununua uji bila kuonja. Mteja anakuja, anakunjua kiganja, muuzaji anamdondoshea, tii! Mteja analamba. Ukimpendeza, ananunua. Usipompendeza, anasema, "Bado kidogo," anaondoka, na hakuna kununiana. Lakini muuzaji akimnyima mtu kuonja, basi ameisha. Watasema ana jambo analolificha ndani ya sufuria, na hakuna atakayesimama tena mbele yake.

Asubuhi moja, jua halijatoka, Bi Pimbi ndiyo kwanza anatua sufuria yake, akasikia tifu! tifu! tifu! Ni Kiboko, ametoka kula majani, anarudi mtoni.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Kiboko."

"Nionjeshe."

"Lete kiganja, bwana."

"Kiganja sina. Mimi huonja kwa mdomo."

Akafungua mdomo, pwaa! Akautumbukiza kwenye sufuria. Gubu, gubu, gubu. Akainua kichwa. Sufuria kavu.

"Mmm," akasema. "Bado kidogo. Umepungua ndimu."

Huyo akaenda zake. Tifu, tifu, tifu. Chubwi! Mtoni.

Bi Pimbi akaosha sufuria. Jua lilipotoka akapita Kobe, jirani yake aliyeuza mchicha. Kobe akachungulia, akaona sufuria tupu.

"Umeshamaliza? Saa hizi? Hongera sana, Bi Pimbi! Biashara inakwenda!"

Bi Pimbi akasema, "Ahsante."

Kesho yake akaongeza ndimu. Jua halijatoka, tifu! tifu! tifu!

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Kiboko."

"Nionjeshe."

Pwaa! Gubu, gubu, gubu. Sufuria kavu.

"Mmm. Bado kidogo. Umezidi ndimu."

Chubwi! Mtoni. Na Kobe, "Hongera sana, Bi Pimbi! Hata leo umemaliza!"

Siku ya tatu akachelewa makusudi, akaja jua linachomoza. Akamkuta Kiboko amesimama palepale, amenuna kwa kusubirishwa. Pwaa! Gubu, gubu, gubu. "Bado kidogo. Umepoa."

Mnauliza kwa nini hakumkataza? Mkatazeni nyie. Mmemwona Kiboko ukubwa wake? Na angemkataza, soko zima lingesema Bi Pimbi anabagua wateja. Mwenye biashara ndogo hana pa kukasirikia. Anacheka na anayemla, halafu anakwenda kukasirika nyumbani.

Siku ile Bi Pimbi alirudi nyumbani akafunua debe. Chini kabisa umebaki mtama wa sufuria moja. Zaidi ya huo kuna kibuyu tu, na mawingu ya mvua yameshaanza kukusanyika. Akakaa chini kando ya debe akalia. Hakulia kwa sauti, watoto wasisikie. Alilia kwa sababu alijua hesabu yake ilivyo: kesho Kiboko akionja tena, keshokutwa atapika mbegu, na mvua ikija hana cha kutia ardhini. Mwaka ujao watoto wale nini, mawe? Alitamani alale asiamke. Nami nawaambieni, ipo siku ya namna hiyo kwa kila anayeuza kitu, isipokuwa hatuisemi, kwa sababu wateja hawapendi uso mzito.

Lakini Pimbi ni Pimbi. Kwenye kulia akafikiri. Akafuta makamasi. Akachukua mwiko mkubwa wa mti, akautoboa, akautia kamba.

Asubuhi, tifu! tifu! tifu!

"Hodi hapa. Nionjeshe."

"Hapana, Bwana Kiboko. Leo huonji."

"Unasemaje?" Kiboko akavimba. "Unaninyima kuonja?"

"Wanaoonja ni wateja, bwana. Wewe mtu mzito namna hii ukae foleni moja na panya? Nimeona aibu. Nimekupa kazi. Kuanzia leo wewe ndiye Mwonjaji Mkuu wa Soko."

Kiboko akatuliza masikio. "Mkuu?"

"Mkuu."

"Wa soko zima?"

"Zima. Na mwiko wako huu hapa." Akamvika shingoni. Ulining'inia vizuri kabisa.

"Na Mwonjaji Mkuu anaonja nini?"

"Wateja wanaonja tone mwanzoni. Mkuu anaonja mwishoni. Soko likifungwa jioni, chochote kilichobaki kwenye sufuria yoyote, cha kwangu, cha jirani, cha ng'ambo, ni chako."

Kiboko akapiga hesabu ya sufuria zote za soko. Mate yakamdondoka, to! to! to!

"Nakaa wapi?"

"Pale." Akamwonyesha jiwe pana katikati ya uwanja, penye jua tupu. "Watu wote wakuone. Ila kazi ni kazi, Mkuu. Kabla soko halijafungwa hakuna kuondoka."

Kiboko akaenda, akakaa juu ya jiwe, akatoa kifua.

Jua likatoka. Wateja wakaja. Wakamwona Kiboko na mwiko shingoni, wakaogopa, wakamwamkia.

"Shikamoo, Mkuu. Uji wa leo vipi?"

Kiboko alikuwa hajaonja hata tone. Lakini utamu wa kuulizwa!

"Safi," akasema.

"Mkuu amesema safi!" Basi hakuna aliyekunjua kiganja tena. Kikombe, konzi. Kikombe, konzi. Bi Pimbi hakuwahi kuuza vile tangu azaliwe.

Saa nne jua likawa kali. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukaza.

"Bi Pimbi, naomba ruhusa nikajimwagie maji kidogo."

"Ruhusa? Mimi ni muuza uji, nitampaje ruhusa Mkuu? Mkubwa hapa ni wewe. Jiombe mwenyewe."

Kiboko akajiomba. Akatazama watu wote wanaomtazama. Akajinyima.

Saa sita ngozi ikapasuka, kach! Saa saba, kach! kach! Jasho jekundu likamtiririka mgongoni. Wateja wakapita, "Shikamoo, Mkuu. Uji vipi?" Akajibu, "Sa... safi," machozi yanamlenga.

Saa nane hakuwa na cheo tena wala haya. Akaruka kutoka kwenye jiwe, akautupa mwiko, tifutifutifutifu! Chubwiii! Akazama hadi masikio. Ndiyo maana mpaka leo Kiboko hatoki majini jua likiwaka, na ukimwita haitiki.

Nyie mnacheka! Chekeni. Bi Pimbi naye alicheka. Alirudi nyumbani debe liko nusu, akawapikia watoto ugali wakashiba, akakipapasa kibuyu chake cha mbegu, kizima, kimefungwa. Akasema, "Mvua sasa inyeshe."

Ningependa kisa kiishie hapo. Hakiishii hapo.

Kesho yake alipofika sokoni alimkuta Nyani amekaa juu ya jiwe, amevaa mwiko shingoni.

"Habari za asubuhi, mama," Nyani akasema. "Nimeripoti kazini."

"Kazi gani? Hakuna kazi. Ile ilikuwa ya Kiboko, na Kiboko ameacha."

"Ndiyo maana nikaja. Nafasi iko wazi."

"Hakuna nafasi! Niliibuni mwenyewe, kwa kichwa changu!"

Wateja wakaanza kukusanyika. Bi Pimbi akawageukia. "Jamani, karibuni, onjeni wenyewe kama zamani. Leteni viganja."

Wakatazamana. Kobe akakohoa.

"Bi Pimbi, usikasirike," akasema. "Lakini soko lenye Mwonjaji Mkuu ni soko la maana. Mimi kiganja changu kinajua nini? Mkuu akisema safi, tutanunua."

Wote wakamgeukia Nyani. "Mkuu, uji vipi?"

Nyani akautazama uji. Akamtazama Bi Pimbi. Nyani hakuwa mjinga kama Kiboko, na jua halimdhuru. Alikuwa ameisikia amri yote jana, neno kwa neno, akiwa juu ya mti: soko likifungwa, kilichobaki ni cha Mkuu.

"Bado kidogo," akasema.

Saa nne wakauliza tena. "Bado kidogo." Saa sita, "Bado kidogo." Wateja wakangoja, wakachoka, wakaondoka na konzi zao. Jioni soko likafungwa. Nyani akashuka, akavuta sufuria iliyojaa, gubu, gubu, gubu. Akapangusa mdomo.

"Safi," akasema. "Safi kabisa, mama. Kesho usichelewe."

Bi Pimbi alijaribu. Alimsihi Kobe, akamsihi kila mtu. Wakamwambia, "Si wewe uliyemweka?" Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu, ya nne. Kila asubuhi akapika tena, akitumaini huenda leo Mkuu atasema safi, hadi debe likaisha. Akafungua kibuyu.

Mtoto wake mkubwa akamwona anatwanga. "Mama, si tunapanda kesho?"

Bi Pimbi aliendelea kutwanga.

Mvua ikanyesha mwaka ule. Ikanyesha vizuri, kwa wakati wake, kuliko miaka yote. Mashamba ya watu wote yakasimama mtama. La Bi Pimbi likaota majani matupu. Akawachukua watoto wake wanne akapanda nao kwenye majabali, na yuko huko hadi leo, hana shamba wala sufuria. Ukipita asubuhi na mapema utamsikia analia, kriii! kriii! Watu husema anaita mvua. Anaiita ya nini?

Basi kisa changu nimekitua, kichwa kinaniuma. Mwenye nguvu ajitwike.

"Na fundisho, bibi?"

Fundisho lipo. Biashara ikikuelemea, ajiri mtu.

"Lakini bibi, huyo aliyeajiri ndiye aliye..."

Mwanaidi, umeulizia fundisho, nimekupa fundisho. Niondokee kwenye kanga, kesho nina soko.