Mstari Mweusi Kwenye Kidole Gumba

Siku ya kupaka hina, ndugu zangu, nyumbani mle walikuwamo wanawake wanne. Alikuwamo bibi harusi, Mwanasiti binti Shee. Alikuwamo mama yake, Bi Tima. Alikuwamo jirani yao, Zuhura binti Makame, muuguzi mstaafu. Na alikuwamo mpakaji, Mwanakheri binti Omari. Watu walimwita Mama Piko, kwa ile rangi nyeusi anayochorea maua, lakini jina lake ni hilo nililolitaja.

Mwanakheri aliushika mkono wa bibi harusi, akautazama kwanza.

“Mwanangu, kucha nyeupe hivi, tena zimebonyea kama kijiko! Huna damu wewe. Kapimwe kabla ya fungate.”

Wakamsifu kwa jicho lake. Lakini Zuhura alikuwa akiutazama mkono wa mpakaji. Kwenye ukucha wa kidole gumba palikuwa na mstari mweusi, mpana zaidi upande wa chini, na weusi wake umetambaa hadi kwenye ngozi.

“Shoga, na huo wako?”

“Piko hilo! Miaka thelathini nachezea piko, unataka niwe na kucha za karani?”

“Piko hukua na ukucha, likakatwa. Huo una muda gani?”

“Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Lakini wewe, Zuhura, hata harusini unatafuta wagonjwa!”

Wakaangua kicheko. Zuhura naye akacheka, akanyamaza. Mwanakheri akachovya kijiti, akaufunika ukucha wake wote kwa piko.

Jamani, mistari myeusi kuchani wengi wetu tunayo, wala haina neno. Lakini mmoja ulio peke yake, unaopanuka na kuingia ngozini, waweza kuwa saratani, na ikiwahiwa hutibika. Mtasema kosa ni la mwenye ukucha. Mimi nauliza habari ya aliyejua. Kwa nini alinyamaza? Alichelea kuharibu furaha ya watu. Na sisi je? Mara ngapi tumemwonya mwenzetu mara moja, akatutania, tukajiona tumetimiza wajibu? Tulipaswa kumshika mkono, tumpeleke hospitali.

Mwanasiti alikwenda kupimwa, akapewa dawa, na sasa ni mzima.

Mwanakheri binti Omari alifariki mwezi wa Rajabu, kwa saratani iliyoanzia kidoleni.