Sultani Aliyepiga Marufuku Habari za Nyumbani

Hapo zamani, watu walipokuwa wakijua adhuhuri kwa kupima vivuli vyao, alitawala mji wa Tandamoyo sultani jina lake Nasibu, mtu mwema kwa asili lakini mwenye haraka, Mungu atuepushe nayo. Akaletewa zawadi ya saa kubwa ya ukutani, na tangu siku ile hakupata raha. Ikawa kila akiitazama, imekwisha kumtangulia.

Akapeleleza ni nani amliaye muda wake, akaona ni salamu. Kutoka kasri mpaka msikitini ni hatua mia mbili, naye alikuwa akizimaliza kwa saa nzima: huyu amuulize za asubuhi, yule za nyumbani, yule amweleze za ng'ombe aliyezaa. Basi akapiga mbiu: watu watoleane salamu ya dini moja, jibu lake moja, kisha kila mtu na njia yake. Kuulizana habari marufuku.

Msidhani mji ulipata nafasi. Jirani akipitwa kimya na jirani husema, huyu ana lake jambo, na ukazuka ugomvi wa kusuluhishwa siku tatu. Naye Sultani kila dakika aliyoiokoa aliitia shughuli mbili. Siku arubaini zilipotimia hakuwa na muda hata wa kujikuna mgongo, akaanza kushuku kwamba muda ule raia wameuficha.

Sasa katika mji ule alikuwako fukara mmoja aitwaye Vuai, kazi yake kusuka makawa ya kufunikia chakula, na yeye mwenyewe aghalabu hakuwa na cha kufunika. Watu walimwita punguani, naye hakuwabishia, maana punguani hasumbuliwi. Nyumba yake ilipakana na ya Bi Mishi, kizee aliyemnyonyesha Sultani utotoni. Bi Mishi alikuwa kitandani siku ya ishirini, hali yake inazidi kuwa mbaya, na kila Vuai akimpelekea uji, kizee humuuliza kama mwanawe Sultani hajapita. Neno hilo lilimuuma sana Vuai. Akaenda kasri kupeleka habari. Bawabu akamwambia habari ni marufuku, na kama ni shauri, waziri atamsikiliza baada ya Ramadhani. Na Ramadhani ndiyo kwanza ilikuwa imekwisha.

Basi Vuai akaenda chini ya dirisha la Sultani, akamshika sikio punda wa kasri, akamwamkia kwa sauti kuu, akamuuliza watu wa nyumbani, akamuuliza na mama aliyemnyonyesha, je, amemwona karibuni? Askari wakamkamata, wakamfikisha barazani.

"Umeivunja amri yangu," akasema Sultani.

"Sikuivunja, Maulana. Mbiu ilisema watu. Huyu ni punda, nawe hukumtaja."

Alipotaka kulitia neno la Bi Mishi, Sultani akamkatiza, mara ya kwanza na ya pili.

"Wewe mwenye muda wa kuwagawia punda, nenda ukanikusanyie muda wote walioukoa raia wangu siku hizi arubaini. Ijumaa baada ya sala ulete hapa, usipungue hata chembe. Ukishindwa, utahama mji huu wewe na mkeo."

Vuai akauliza jambo moja tu: je, Maulana ataupokea mwenyewe, mpaka chembe ya mwisho? Sultani akaapa mbele ya kadhi kwamba ataupokea. Vuai akarudi mtaani, akawa anapita nyumba kwa nyumba, huku mkewe anafunga virago na kulia.

Ijumaa Sultani akachungulia dirishani, akaona msururu wa watu umetoka mlango wa kasri umefika sokoni. Akauliza muda wake uko wapi.

"Ndio huu, Maulana," akasema Vuai. "Waliuokoa kwa kuacha kuulizana habari. Kila mmoja amekuja na habari zake za siku arubaini akukabidhi."

Akaanza mwashi mmoja: habari za asubuhi, za mchana, za jana, za juzi, za tangu mbiu ilipopigwa. Kisha akatoa na zake, pamoja na jino lililomng'oka na mbuzi aliyekula mkeka. Kiapo ni kiapo, Sultani akakaa. Akaja muuza maji, akaja mwalimu wa chuo cha Kurani, huyo akaanzia kwa babu yake. Hadi alasiri Sultani alikuwa amewapokea watu sita, jasho linamtiririka, anajibu bila kusikiliza. Wa saba alikuwa Vuai.

"Habari za nyumbani, Maulana?"

"Njema."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na Bi Mishi?"

"Hajambo."

Vuai hakucheka.

"Umemwona lini, Maulana?"

Sultani akahesabu siku kwa vidole, vidole vikamwishia. Vuai akamweleza yote, na safari hii hakukatizwa. Haya ikamshika Sultani mbele ya raia zake, akateremka ngazi miguu peku, akaenda mbio mpaka kwa Bi Mishi, Vuai nyuma yake.

Kizee akamtazama sana, akasema alidhani amemkosea mwanawe. Sultani akalia. Alipopata sauti akamuuliza habari zake.

"Ndefu," akasema Bi Mishi. "Una haraka?"

"Sina, mama."

Basi kizee akaanzia siku Sultani alipoota meno, na magharibi ikaadhiniwa hawajafika kwenye kutahiriwa kwake. Akitoka kwenda kutawadha, Sultani akamwambia Vuai kwamba mbiu imetanguka, kwamba yeye na mkewe hawahami, na kesho apewe kanzu na mbuzi wa maziwa. Kisha akamwomba, kwa sauti ya mtu anayeomba kweli, awaambie waliosalia kwenye msururu waende zao, ataupokea muda wao siku nyingine.

Vuai akaenda kuwaambia. Hakuna aliyemsikia, walikuwa wanaulizana habari.