Bi Pimbi na Ukoko wa Kikoa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na majiko na majamvi yao, mvua zilikikwepa kijiji kimoja chini ya mlima. Wanyama wa hapo wakaamua kula kikoa: leo inapika nyumba hii na wote wanakula, kesho inapika nyumba nyingine, mpaka zamu izunguke.

Bi Pimbi, mjane mwenye watoto wawili, alikuwa mdogo kuliko wote na fukara kuliko wote. Ghalani mwake walikaa buibui tu. Akamwendea Mzee Tembo, mkuu wa kikoa, akamwomba zamu yake iwe ya mwisho.

Tembo alikubali, lakini kwa sharti. Kwa kuwa Pimbi hajapika, ataosha vyungu vya wenzake, na ujira wake utakuwa ukoko, ule wali unaogandia chini ya chungu. Na zamu yake ikifika naye hana cha kupakua, atatoka kikoani yeye na wanawe, wakatafute majani mlimani.

“Na jambo moja zaidi,” akasema Tembo. “Mla ukoko hakai jamvini. Tusije tukachanganya heshima na aibu.”

“Mla ukoko hakai jamvini,” akarudia Pimbi taratibu. “Nimesikia, mzee wangu.”

Basi kila siku wakubwa walikaa jamvini, na Pimbi na wanawe walikaa jikoni, kwaru, kwaru, wakikwangua vyungu. Fisi alipita mlangoni makusudi, akiuliza kama ukoko wa leo una chumvi. Bi Kiboko aliwakataza wanawe kucheza na watoto wa Pimbi, eti umaskini unaambukiza kama upele.

Siku moja mtoto mkubwa wa Pimbi aliona haya, akasusa kula.

“Kula, mwanangu,” mama yake akamwambia. “Aliyekula cha juu na anayekula cha chini, moto wao ulikuwa mmoja.”

Na ukoko ulikuwa mwingi. Wakubwa wale walipika kwa moto mkali kupita kiasi, maana kila mmoja alitaka moshi wake uonekane mbali, majirani wajue kwamba kwake kunapikwa. Kwa hiyo karibu nusu ya wali iligandia chunguni. Pimbi na wanawe walikula wakashiba, na uliobaki akauanika juu ya jabali. Ulipokauka, akauweka mtungini, akafunika. Hakumwambia mtu.

Zamu yake ikafika. Asubuhi Fisi alipita nyumba kwa nyumba akiwaita wote waje kutazama chungu kitupu. Hata watoto wa kijiji wakaja kuchungulia uani. Wakubwa wakawahi, wakajaa jamvini mpaka pembeni.

Hawakujua kwamba tangu alfajiri Pimbi alikuwa kinuni, twa, twa, akiutwanga ule ukoko. Aliuchanganya na ndimu na pilipili za mlimani, akaufinyanga madonge, akayafunga kwa majani ya mgomba na kuyapika kwa mvuke. Alipoyafungua, harufu ikapanda mpaka puani mwa Tembo, nanyi mnajua pua ya Tembo ilivyo ndefu.

Wakala. Bi Kiboko akaomba donge la pili, kisha la tatu. Fisi akalamba jani mpaka likatoboka.

Tembo aliposhiba ndipo alipoingiwa na shaka. Akauliza mjane kama huyu amepata wapi wali. Fisi akadakia kwamba ameuiba. Fukara akionekana na chakula, basi kuna ghala la mtu limepungua. Wote wakamgeukia Pimbi.

“Ni kweli, wali si wangu,” Pimbi akasema. “Ni wenu. Lakini niambieni kwanza, ulikuwa mtamu?”

“Mtamu sana,” akajibu Bi Kiboko kabla hajafikiri.

“Basi ni ukoko wa vyungu vyenu. Mlinipa wenyewe, ukawa ujira wangu.”

Fisi akaanza kujifuta mdomo.

Pimbi akasogea hadi ukingoni mwa jamvi. Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole.

“Mzee Tembo, sharti uliliweka wewe. Mla ukoko hakai jamvini. Sasa niambie, babu, nani anakaa na nani anainuka?”

Tembo akawatazama wenzake. Akawatazama watoto waliojaa uani. Kuinuka mbele yao ilikuwa aibu, na kubaki ilikuwa kuvunja sharti lake mwenyewe. Mwishowe akajivuta kidogo, akajivuta tena, mpaka ikapatikana nafasi ya mama mmoja na watoto wawili.

Pimbi akakaa na wanawe. Siku hiyo vyungu aliviosha Fisi.

Hadithi yangu imefika chini ya chungu, wanangu, nanyi kumbukeni: chungu kimoja hakipiki wali wa heshima na ukoko wa aibu.